Boroni na Uraniumu: je, mmoja anazima mwenzake?



Mara hii niliombwa niandike juu ya usafi wa dortwari, maana ndiyo kazi ya kapita. Nitaandika juu ya shimi, ile ambayo vitabu vya Tanzania vinaita kemia. Lakini mutaona mbele ya kumaliza kwamba ni habari ya dortwari vilevile.

Juma la pili nyuma ya konje, siku ya kukagua mavalizi, nilikuta chini ya kitanda cha ndugu mmoja wa mwaka wa tatu kopo la maziwa lililofungwa na kitambaa. Ndani mlikuwa jiwe jeusi, zito kama chuma, lenye magamba ya manjano na ya rangi ya chungwa, tena limefunikwa na unga mweupe. Nilipomuuliza, alinijibu bila wasiwasi: "Yaya Kapita, usiogope. Hii jiwe ilitoka kule Likasi, watu wanasema iko na uraniumu. Lakini niliimwangia boraksi ya mjomba, ile anayeyushaka nayo zahabu. Boroni inakulaka uraniumu. Mwalimu njo alisema."

Mwalimu hakusema hivyo. Alisema kwamba katika reaktori, yaani tanuru ya nyuklia, hutiwa boroni ili kuzuia moto wake. Jiwe nililipeleka kwa Mwalimu saa ileile, na nitasema chini liko wapi sasa. Lakini magaribi dortwari nzima iligawanyika. Wengine walikuwa upande wa yule mutoto. Ndugu mmoja wa mwaka wa tano, anayejua shimi vizuri, alileta hoja yenye nguvu: asidi ni kali, soda ni kali, ukizichanganya unapata chumvi na maji, ukali umekwisha. Basi uraniumu ikiungana na boroni inakuwa kitu kingine kinachoitwa boridi ya uraniumu, na ukali wake unapaswa kwisha vilevile. Sikuwa na jibu. Niliahidi kutafuta katika vitabu, na mwalimu alinisaidia.

Kwanza, boridi ya uraniumu iko kweli. Tena si moja, ziko tatu: UB2, UB4 na UB12. Boridi ni jina la kitu chochote ambacho madini yameungana na boroni, kama vile oksidi ni madini na oksijeni.

Uraniumu ni elementi nambari 92. Klaproth aliitambua kule Berlin mwaka 1789. Boroni ni nambari 5, nyepesi sana, na ilitolewa mwaka 1808 na Gay-Lussac na Thénard kule Paris, na Davy kule London mwaka uleule. Boroni hatuioni peke yake, lakini tunakaa nayo kila siku: iko katika boraksi ya wenye kuyeyusha zahabu, iko katika kioo cha Pyrex. Yale mabilauri matatu yaliyobaki katika laboratwari yetu hayapasuki motoni kwa sababu ya oksidi ya boroni iliyo ndani ya kioo.

Uraniumu ya inchi yetu inajulikana dunia nzima. Machimbo ya Shinkolobwe, karibu na Likasi, yaligunduliwa mwaka 1915. Mawe yake mengine yalikuwa na uraniumu nyingi kupita kawaida ya dunia, na mwaka 1940 karibu tani 1200 za mawe hayo zilipelekwa New York na kampuni ya Union Minière. Kutoka hapo tunajua habari ya mwaka 1945. Kule Shinkolobwe ndiko wenye elimu ya mawe walikopata mara ya kwanza jiwe linaloitwa kurite, la rangi ya chungwa, na bekerelite, la manjano. Yote ni oksidi za uraniumu zenye maji na vitu vingine, yaliyozaliwa kutoka jiwe jeusi ambalo Wafaransa wanaita pechblende. Ninyi muliokuwa dortwari usiku ule, kumbukeni rangi za lile jiwe.

Lakini hakuna mutu atakayechimba boridi ya uraniumu Shinkolobwe wala pengine popote. Sababu yake ni oksijeni. Uraniumu inapenda oksijeni sana, boroni nayo vilevile. Katika udongo kila moja imekwisha kushikwa na oksijeni zamani, na haina mkono huru wa kumshika mwenzake. Njo maana kumwanga boraksi juu ya jiwe ni kuweka mutu aliyeoa karibu na mutu aliyeolewa. Hakuna harusi itakayotokea, hata ukingojea miaka mia.

Ili waungane ni lazima kuwaondolea oksijeni kwa nguvu. Njia moja ni kuchukua oksidi ya uraniumu, karbidi ya boroni na makaa safi ya grafiti, kuvisaga pamoja na kuvipasha bila hewa kwa moto wa kadiri ya digri 1800:

2 UO2 + B4C + 3 C → 2 UB2 + 4 CO

Hesabuni wenyewe, pande zote mbili zinalingana. Makaa yanabeba oksijeni na kutoka nayo kama gesi ya CO, ileile inayoua watu wanaolala na imbabula ndani ya nyumba iliyofungwa. Njia nyingine ni kuyeyusha uraniumu safi pamoja na boroni safi kwa cheche kubwa ya umeme, kama ile ya wenye kusudia vyuma, ndani ya gesi ya argoni ambayo haiungani na kitu.

Sasa nije kwa jambo ambalo lilinisumbua mimi mwenyewe. Katika darasa tunajifunza valensi. Boroni iko na mikono 3. Uraniumu mara nyingi iko na 4 au 6. Basi formula ingekuwa U3B4, au UB2 kama tukichukua 6, sawa. Lakini UB4? Na UB12, mikono 36 kwa uraniumu moja? Nilijaribu kwenye tablo mpaka chaki ikaisha. Kumbe kosa langu lilikuwa kufikiri kwamba boroni zote zinashika uraniumu. Boroni inapenda kushikana na ndugu zake. Katika boridi, boroni zinajenga nyumba yao kwanza, na uraniumu inakaa katika nafasi zilizobaki na kuwakopesha elektroni zake.

Katika UB2 boroni zinapangwa kama masega ya nyuki: vyumba vya pembe sita, bapa kabisa, moja karibu na nyingine. Juu ya sega moja inakuja safu ya uraniumu, kisha sega lingine, kisha uraniumu tena. Kila atomi ya uraniumu iko katikati ya chumba, kama yai la nyuki, ila inakaa kati ya sega la juu na la chini. Hesabu ya sega inatoa boroni mbili kwa kila uraniumu, wala valensi haina neno hapo. Katika UB12 boroni 24 zinazunguka uraniumu moja kama kizimba cha kuku, lakini kila boroni ni ukuta wa vizimba viwili. Basi 24 gawa kwa 2, kumi na mbili. UB4 iko katikati, na umbo lake ni gumu kulieleza bila picha, nimeliacha.

Kwa sababu ya ukuta huo wa boroni, vitu hivi ni vigumu na havipendi kuyeyuka: UB2 inangoja kadiri ya digri 2400. Tena inapitisha umeme na joto kama chuma, maana elektroni zilizokopeshwa zinatembea. Ndani ya gramu 100 za UB2 kuna karibu gramu 92 za uraniumu, na katika sentimeta moja ya ujazo kuna gramu 11,6 za uraniumu. Katika oksidi UO2, ambayo ndiyo inayochomwa katika reaktori nyingi za leo, kuna gramu 9,7 tu. Tutarudi hapo.

Basi, ukali umekwisha au haukwisha?

Haukwisha hata kidogo. Na hoja ya asidi na soda, ingawa ni nzuri, inakosea mahali pamoja. Chukueni kiwanja chetu cha mpira. Kama atomi ya uraniumu ingekuwa kubwa kama kiwanja hiki, kiini chake kingekuwa kama punje ya mtama katikati, pale tunapoanzia mchezo. Mambo yote ya shimi, asidi, soda, kutu, moto, boridi, yanatendeka pembeni, kwa elektroni, kwenye mstari na nje ya mstari. Asidi na soda zilikuwa na ugomvi wa elektroni, na ugomvi wa elektroni unaweza kupatanishwa na elektroni. Lakini mionzi ya uraniumu inatoka ndani ya ile punje. Punje haisikii wanaopiga kelele pembeni. Hata hawajui kama amekuwa oksidi au boridi au chuma safi.

Hii si maneno ya kufikiri tu, ilipimwa. Becquerel aliona mionzi hiyo mwaka 1896, na mwaka 1898 Marie Curie alipima vitu vingi vyenye uraniumu, chumvi, oksidi, vya unga na vya kuyeyushwa katika maji. Alikuta kwamba nguvu ya mionzi inafuata kiasi cha uraniumu tu, haifuati imeungana na nini. Uraniumu-238 inahitaji miaka karibu miliardi 4 na nusu ili nusu yake iishe. Ukiifanya boridi inahitaji miaka ileile.

Na Marie Curie alikuta jambo lingine ambalo linatuhusu sana. Jiwe la pechblende lilikuwa na nguvu zaidi ya mara 3 kupita uraniumu safi. Ilikuwa kama mutu anayetia kilo moja kwenye mizani na mizani inasema tatu. Sababu yake ni kwamba uraniumu ya ndani ya jiwe, kwa miaka mingi sana, imezaa watoto na wajukuu, na wote wamebaki ndani: poloniumu, radiumu, na gesi inayoitwa radoni. Katika laboratwari uraniumu inatengwa na watoto wake. Kwa hiyo kipande cha boridi kilichotengenezwa upya kinatoa mionzi kidogo kupita jiwe la porini lenye uraniumu ileile. Wale waliosema "jiwe ni kitu cha asili tu, hatari ni ya wazungu wa maabara" wamegeuza mambo juu chini.

Lakini mwalimu wetu naye hakudanganya. Boroni inakula kweli, ila haili mionzi ile. Inakula nyutroni.

Nyutroni ni punje moja ndani ya kiini. Uraniumu iko na mapasa wawili wakubwa, 238 na 235. Wa 235 ni wachache, 7 tu katika kila 1000. Nyutroni ikimgonga huyu wa 235 anapasuka, anatoa moto mwingi, na anatupa nyutroni mbili au tatu ambazo zinaenda kugonga wengine. Hiyo ndiyo kazi ya reaktori. Mwaka 1959 Kinshasa ilipata reaktori yake ya kwanza, TRICO I, na ilikuwa ya kwanza katika Afrika nzima.

Boroni nayo iko na mapasa wawili: katika kila boroni 10, mbili ni boroni-10 na nane ni boroni-11. Sura moja, jina moja, shimi moja. Lakini boroni-10 ni mlafi wa nyutroni. Akiipata anaimeza, na palepale anapasuka:

boroni-10 + nyutroni → litiumu-7 + heliumu-4

Nyutroni imepotea, haitapasua uraniumu tena. Boroni-11 nyutroni inampita karibu kabisa bila kumgusa. Nilishangaa sana niliposoma tofauti hiyo. Wote wawili wanazaliwa na mama mmoja, wanaingia katika boraksi moja, na moja ni mlafi mara laki nyingi kupita mwenzake.

Sasa tufanye hesabu ya boridi. Tuchukue UB2 yenye uraniumu 1000 za kawaida. Ndani yake kuna uraniumu-235 saba. Boroni ziko 2000, na katika hizo boroni-10 ni 400. Saba wanaotaka nyutroni, na mia nne wanaoimeza; tena kila mlafi mmoja ana nguvu ya kumeza zaidi ya mara 5 kupita uraniumu-235 moja. Nyutroni itafika wapi? Moto hauwezi kuwaka hata siku moja. Boridi ya namna hiyo ni kama kuni zilizolowa maji.

Lakini tutenge boroni, tutoe boroni-10 zote, tubakize boroni-11 peke yake, kisha tutengeneze UB2 ileile. Ni masega yaleyale, digri zilezile za kuyeyuka, na mbele ya asidi inafanya vilevile. Mwanafunzi wa shimi hataona tofauti, ila uzito kidogo sana. Na sasa inawaka. Inakuwa kuni nzuri kupita oksidi, maana ina uraniumu nyingi zaidi katika nafasi ileile, tena inapitisha joto vizuri. Oksidi inapitisha joto vibaya, na kadiri inavyopata moto inazidi kuwa mbaya, hata katikati ya kila kidonge cha kuni panakuwa na moto mkali sana kuliko pembeni. Nyuma ya ajali ya Fukushima kule Japani, mwaka 2011, wataalamu wa inchi mbalimbali walianza kutafuta kuni zinazotoa joto upesi zaidi, na UB2 imo katika zile wanazochunguza. Shida ziko: kutenga boroni ni ghali, na boroni-10 kidogo iliyobaki inazaa heliumu, gesi inayosukuma kutoka ndani ya bomba lililofungwa. Tena ikipata hewa ikiwa na moto mkali inarudi kwa oksijeni, mume wake wa kwanza.

Wengine hawaogopi boroni-10, wanaipima makusudi. Kuni mpya katika reaktori zinawaka sana mwanzoni, basi unaweka mlafi kidogo ambaye anakwisha polepole wakati kuni nazo zinapungua. Reaktori nyingi za Marekani zinapaka vidonge vyao boridi ya zirkoniumu, ZrB2, ambayo imejengwa kwa masega sawasawa na ya UB2.

Na kama bado kuna anayesema boroni inamaliza sumu, aende Chernobyl kule Ukraine. Mwezi wa nne 1986 reaktori ilipasuka, na helikopta zilitupa juu yake karibu tani 40 za karbidi ya boroni, pamoja na mchanga, udongo na risasi. Boroni ilitupwa ili moto wa nyutroni usianze tena. Lakini muji wa Pripyat, ambao watu wake walihamishwa, mpaka leo hauna wakaaji.

Niongeze jambo moja la kumchokoza yule ndugu wa mwaka wa tano. Mwaka 1932 Chadwick alipogundua nyutroni, moja ya vitu alivyopiga kwa mionzi ya alfa ili zitoke ilikuwa ni boroni. Jiwe la uraniumu linatoa mionzi ya alfa. Basi kulimwangia boraksi si kulizima, ni kulipa nafasi ya kutoa nyutroni chache sana ambazo halikuwa nazo. Ni chache, haziwezi kumuumiza mutu. Lakini upande wa dawa ya mjomba, ni kinyume kabisa.

Hatari yenyewe ya jiwe chini ya kitanda ni hii. Mionzi ya alfa inazuiliwa hata na karatasi, haipiti ngozi. Ila yale magamba ya manjano yanatoka unga, na unga ukiingia katika mapafu au tumbo pamoja na mikate, hapo hakuna karatasi tena. Radoni ni gesi, inatoka ndani ya jiwe na kujaa chumba kilichofungwa, na sisi tunafunga madirisha usiku kwa sababu ya mbu. Mionzi ya gama inapita kopo na godoro pia. Anayelala juu ya jiwe miezi tisa ya masomo si sawa na aliyelishika dakika moja.

Jiwe liko katika stoo ya zamani mwisho wa shamba, ndani ya kopo lake, mlango umefungwa, na Bwana Prefe ameandika barua kwa wakubwa wa kazi hiyo ili walichukue. Ufunguo uko kwake, musinisumbue. Sakafu ilioshwa kwa kitambaa cha maji, haikufagiwa, na ile valizi ilipanguswa. Mwenye jiwe hakupewa adhabu: mimi ndiye niliyeomba hivyo, kwa sababu alijibu ukweli mara ya kwanza alipoulizwa. Kama kuna mwingine aliyeleta jiwe la namna hii, aje kwangu au kwa Mwalimu mbele ya siku ya posho, na haitaandikwa katika kaye ya nidhamu.

Boraksi iliyobaki katika pakiti imerudishwa kwa mjomba. Analalamika kwamba imepungua.